Breki za Marehemu

Udongo wa kaburi la mume wangu ulikuwa bado mbichi, shemeji yangu tayari anauliza ufunguo wa gari uko wapi. Hakuuliza watoto wamekula nini. Hakuuliza kama nimelala. Aliuliza ufunguo. Naandika haya kwa wajukuu wangu ambao leo wanafunga vioo na kuwasha ubaridi ndani ya gari, wanadhani gari ni kitu cha kurithi tu kama pua. Lile la babu yenu halikurithiwa. Lilipiganiwa, na aliyelipigania ni mimi. Simwombi mtu anipigie makofi. Nataka mjue tu.

Shule nilisoma madarasa machache kwa masista hapa Ushirombo, nikajua kuandika, kusali na kushona vifungo, baba yangu akasema inatosha. Mengine yote nimejifunza kwa macho na kwa mguu. Ndiyo, kwa mguu.

Mume wangu alikuwa fundi. Alinunua pikapu kuukuu iliyokuwa imelala kwenye majani, akaifufua uani kwetu kipande kwa kipande. Ile pikapu ilibeba pamba, ilibeba mihogo, ilibeba wagonjwa kwenda hospitali na wachimbaji kwenda Geita, na ndiyo iliyotulisha. Sasa, gari lina kazi moja ambayo fundi hawezi kuifanya peke yake hata awe hodari vipi: kutoa upepo kwenye breki. Mmoja awe chini na spana, mmoja awe juu kwenye pedeli. Yeye chini, mimi juu.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia!"

"Nimeshika."

Hapo anafungua kile kichuchu cha kwenye gurudumu, mafuta ya zamani yanatoka na mapovu, yanapita kwenye mpira mwembamba mpaka ndani ya chupa, kisha anafunga. "Achia!" Ndipo naachia. Nikiachia kabla hajafunga, breki inanyonya hewa na kazi inaanza upya, na hapo nasikia matusi yanatoka chini ya gari. "Mguu wako una haraka ya kwenda wapi? Kuna harusi?" Nilikanyaga nikiwa na mimba, nilikanyaga nikiwa na mtoto mgongoni. Mguu wangu ulizijua breki zile kuliko nilivyowajua mawifi zangu, na ulizipenda zaidi.

Naye alikuwa anasema kila alichofanya, si kwa kunifundisha, ni mazoea ya mtu anayelala chini ya magari. Anza na gurudumu la mbali. Kikopo cha mafuta kule juu kisikauke hata kidogo. Na mafuta ya breki ni mlevi, yanakunywa maji hata yale ya kwenye hewa, kwa hiyo kopo likifunguliwa litumike, likibaki mwagilia magugu. Yakizeeka mle ndani yanakuwa meusi, na siku utakayoteremka mlima mrefu yale maji yatachemka, na pedeli itaingia chini kama mguu kwenye tope. Kuendesha alinifundisha kwenye uwanja wa mpira, jioni watoto wakishaondoka. Leseni sikuwa nayo, lakini miaka ile hata polisi hawakuwa na petroli ya kunifukuzia.

Ilikuwa miaka ya baada ya vita. Sabuni ilikuwa ya foleni, chumvi ya foleni, na mafuta ya breki hayakuwa hata na foleni, maana hayakuwepo. Kumbukeni hilo.

Basi shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akachukua gari tukiwa bado tumekaa matanga. Akasema anakwenda kuleta kuni za msiba. Kuni hazikuja. Alikuwa anapakia abiria. Siku moja akaona kikopo cha mafuta ya breki kimepungua. Mtu mwenye akili angelisimamisha gari. Yeye akaenda jikoni kwa mama yake, akachota mafuta ya pamba, haya haya ya kukaangia samaki, akajaza.

Mnajua mafuta ya kula yanafanya nini kwenye raba za breki? Raba zinavimba. Mara ya kwanza utaona breki ni nzuri tu. Baadaye zinashika zenyewe bila kukanyagwa, diski, zile sahani za chuma zinazobanwa na pedi ndani ya gurudumu, zinaungua, gari linanuka kama mtu anachoma kwato. Yeye akaendelea kukanyaga pedeli ya mwendo kwa nguvu, anasema injini imechoka. Mwisho pedeli ikaingia moja kwa moja. Aliteremka mteremko wa mtoni bila breki, akakata kona penye mti uliolala, akaingia kwenye zizi la jirani na kuua mtamba wa watu. Abiria mmoja akavunjika mkono. Yeye hakupata hata mchubuko. Watu wa aina yake hawapati.

Ukoo ukatoa ng'ombe wa fidia, na gari likakokotwa mpaka uani kwangu, ufunguo ukiwa ndani. Ndipo wazee wakaitwa. Walikaa uani kwangu, kwenye viti vyangu, wakanywa togwa yangu, wakaanza kunijadili kana kwamba mimi ni mbuzi aliyefungwa pembeni. Mkubwa wao alikuwa baba mkubwa wa marehemu, mzee mrefu mwenye jicho moja lililoingia ukungu. Shemeji akasimama.

"Baba zangu, kaka aliacha gari bovu. Breki zilikuwa zimekufa siku nyingi, alikuwa anaficha. Mimi ningekufa. Halafu mwanamke na gari, wapi na wapi? Gari ni la ukoo, na yeye mwenyewe ni wa ukoo. Nilimwambia nitamrithi, akanitemea mate."

"Sikukutemea," nikasema. "Nilitema pembeni. Wewe ndiye ulikuwa umesimama hapo."

Mzee mmoja akakohoa kuficha kicheko. Nikaendelea, maana nilishasimama. Nikawaambia kuhusu mafuta ya pamba. Nikachovya kidole kwenye kile kikopo na kumpelekea yule mzee wa jicho la ukungu puani. Akanusa. "Ni mafuta," akasema.

"Ni mafuta ya kukaangia, baba."

"Mafuta ni mafuta," shemeji akadakia, na wazee wakatikisa vichwa kwamba kweli, mafuta ni mafuta. Haki ya Mungu, damu ilinichemka. Lakini kilichonichoma zaidi si wao. Ni mama mkwe wangu, aliyekuwa amekaa kwenye ngozi yake karibu na mlango, kainamisha uso. Alikuwa amesikia mbele ya watu kwamba mwanawe aliyelala kaburini aliacha gari bovu la kuua watu, na hakujua amjibu nini yule mwanawe aliye hai.

Yule mzee akaamua. Gari litengenezwe kabla soko la pamba halijafunguliwa. Likipona, nilipakie magunia, niliteremshe mimi mwenyewe ule mteremko wa mtoni. Likisimama kabla ya daraja, ni la mjane na watoto wake, na asiwepo wa kuligusa. Lisiposimama, kama nitakuwa hai, nimkabidhi shemeji ufunguo.

"Na wewe," akamwambia shemeji, "utakaa nyuma juu ya magunia."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Anayelitaka gari apande gari."

Huo ndio uamuzi pekee wa maana niliousikia kwa wazee wale tangu niolewe.

Nikauza fahali wangu, nikadandia lori mpaka Buseresere, na lingine mpaka Geita. Pale mjini, mtaa wa Kalangalala, palikuwa na mtu aliyeuza vipuri kwenye chumba cha nyuma, mbele anauza vitenge. Wateja wake walikuwa watu wa dhahabu, na alikuwa na dharau za watu wa dhahabu.

"Wangaluka, baba," nikamsalimu.

"Vitenge viko mbele, mama."

"Sitaki vitenge. Nataka diski za mbele mbili, pedi zake, raba za breki zote, na mafuta ya breki."

Akawatazama vijana waliokaa juu ya magunia. "Nani amekutuma?"

"Mguu wangu."

Wakacheka. Akaleta diski moja imepakwa rangi, inang'aa kama bibi harusi. Nikapitisha kidole gumba pembeni. Ilikuwa na mdomo, ule ukingo unaobaki pedi zikishakula chuma kwa miaka.

"Hii imezaa na kunyonyesha," nikamwambia, "halafu umeipaka wanja. Niletee mwari."

Vijana wakapiga kelele. Akaingia ndani akiguna, akatoka na mbili zilizofungwa kwenye karatasi ya mafuta, nzito, sawasawa. Kisha akaweka kopo la mafuta ya breki mezani. Kifuniko kilikuwa kimelegea.

"Hili limefunguliwa."

"Nimelionja kidogo tu," akasema, kijana mmoja akaanguka kwenye magunia kwa kucheka.

"Basi limeshakunywa maji. Niletee lililofungwa."

"Mama, utakufa maskini kwa ubishi."

"Nitakufa, ndiyo. Lakini si kwenye mteremko."

Alileta. Alilisukuma kwa kidole kama anayempa mbwa mfupa, lakini alileta. Nikafunga zile diski kwenye kanga, nikazipakata kwenye lori njia nzima. Abiria mwenzangu aliuliza nimebeba nini kizito hivyo. Nikamwambia nimebeba kichwa cha shemeji yangu. Hakuuliza tena.

Nilifanya kazi uani, mchana kweupe, ili kila mwenye macho aone. Nikainua mbele kwa jeki, nikaweka magogo, nikatoa magurudumu. Diski za zamani zilikuwa za bluu kwa kuungua, moja imepasuka kama kisigino cha kiangazi. Raba nilizozitoa zilikuwa zimevimba laini kama uyoga wa masika. Nikazipanga juu ya ukuta, shemeji akipita azione. Akapita, akaziona, akatema mate. Pembeni.

Mabomba yalitakiwa kuoshwa yale mafuta ya kukaangia samaki yaliyokuwa mle ndani, na huwezi kuosha kwa maji wala petroli, petroli inakula raba. Marehemu alikuwa anatumia spiriti. Spiriti ningeitoa wapi miaka ile? Nikaenda kwa jirani mmoja aliyekuwa anapika gongo.

"Nataka ile ya kwanza kutoka, kali."

"Ehe! Mjane umeanza?"

"Ni ya gari."

"Hata mume wangu alisema ni ya kifua."

Nikaimwaga kidogo kwenye kifuniko na kuwasha kiberiti. Iliwaka bluu mpaka ikaisha, haikuacha hata tone. Hiyo ndiyo ilisafisha breki za mume wangu, na nina hakika popote alipo alisikitika kuiona inamwagika chini.

Kisha diski. Hapa ndipo mafundi wengi wa siku hizi wanapoharibu, nawaona, natamani kuwapiga na mwiko. Wanatoa diski ya zamani na kupachika mpya palepale juu ya kutu. Chembe moja ya kutu chini ya diski inatosha. Itakaa upande, itayumba kama mlevi, na kila ukikanyaga pedeli itakupiga mguu. Mimi niliparua uso wa habu, kile kitovu cha gurudumu kinachobeba diski, kwa kisu changu cha mihogo na kusugua kwa msasa mpaka ukanionyesha meno yangu. Nikaosha diski mpya kwa petroli kutoa ile grisi ya dukani, nikazianika, na baada ya hapo sikuzigusa usoni hata kwa kidole, nilizishika pembeni kama sahani ya mgeni. Bolti nikazikaza kwa kupishana: huku, kisha ng'ambo, kisha huku. Ukikaza kwa kufuatana inakaa pogo. Raba mpya nikazichovya kwenye mafuta ya breki yenyewe, si grisi, si mate, si mafuta ya pamba.

Nikajaza kikopo. Na hapo nikakwama, maana mguu wangu ulikuwa mmoja na haukuweza kuwa chini na juu kwa pamoja.

Nilimwomba wifi yangu. Akasema kaka yake amekataza. Nilimwomba mwenye gongo, akasema goti linamuuma, na jana yake nilimwona anacheza ngoma kwenye harusi. Shemeji alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akisema atakayekanyaga ile pedeli, damu itakayomwagika itakuwa juu ya kichwa chake. Kijiji kizima kikaota ugonjwa wa miguu.

Mama mkwe akaja na fimbo yake. Mimi na yeye tulikuwa hatupendani, tuambiane ukweli. Yeye Msukuma wa Shinyanga aliyehamia huku na ng'ombe, mimi Msumbwa, na tangu siku naingia nyumbani kwake alisema ninapika ugali kama uji.

"Shikamoo, mama."

"Nasikia unatafuta mguu."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nina nini hapa chini? Kuni?"

Nikafungua mlango wa gari. Akakataa mkono wangu, akajipandisha mwenyewe akilaani ngazi, kiti na usukani. "Usidhani ni kwa ajili yako," akasema. "Nimechoka kusikia kwamba mwanangu aliacha gari bovu."

Nikaingia chini.

"Kanyaga, mama."

"Usiniamrishe."

"Tafadhali kanyaga, mama."

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

"Kwa nini?"

"Shikilia tu, mama!"

"Mtu hashikilii kitu bila kuambiwa kwa nini." Akaachia. Nikasikia breki inanyonya hewa, fyoo, kazi yote imekwenda. Nikasema neno.

"Umesema nini huko chini?"

"Nimesema Baba yetu uliye mbinguni."

"Hiyo haikuwa sala."

Nikatoka, nikamweleza kwa nini. Nikarudi chini. Tukaanza upya, gurudumu la mbali kwanza, yeye juu ananitukana kwa Kisukuma akidhani sijui, mimi chini namjibu kwa Kisumbwa nikijua hajui. Jua lilitugeukia. Yale mapovu yakapungua, yakawa moja moja, yakakoma. Mafuta yakatoka safi kama mkojo wa mtoto.

Kisha nikamsikia: "Kimekataa."

"Nini, mama?"

"Hiki. Kimekataa kwenda chini. Kimekuwa jiwe."

"Ndivyo kinavyotakiwa."

Akakanyaga tena, mwenyewe, bila kuambiwa. Na tena. Kisha akashuka, akachukua fimbo yake, akaondoka bila kwaheri.

Siku ya kuteremka walijaa watu kama mnada wa ng'ombe. Walikuja kuniona nikifa, tusidanganyane. Magunia ya mihogo yalikuwa yamepakiwa, nikaendesha polepole mpaka juu ya mteremko, nikasimama. Shemeji hakutaka kupanda.

"Atuonyeshe kwanza hizo diski," akasema. "Huenda amesugua zile zile."

Nikatoa gurudumu moja la mbele nikiwa nimekasirika mpaka spana inateleza. Diski ikaonekana, inang'aa juani, na watu wakasogea kuitazama. Na hapo mama mkwe akajitokeza katikati ya watu na kibuyu cha samli.

Lazima niwaambie hili. Kwao, chuma kipya hakiendi kazini kikavu. Jembe jipya, plau mpya, hupakwa samli na mama wa nyumba, na hupakwa pale panapofanya kazi: kwenye makali, si kwenye mpini. Ndivyo alivyobariki majembe ya ukoo ule maisha yake yote. Sasa alikuwa amekuja kubariki chuma cha mwanawe mbele ya wote waliosema ni kibovu. Alikuwa amevaa kanga yake ya kanisani. Akachovya vidole vinne kwenye kibuyu, samli ikatiririka, akainama kwenye diski.

Nikamshika mkono.

Nasema nilimshika kifundo cha mkono, mama wa mume wangu, mbele ya wazee, mbele ya mawifi, mbele ya mwenye gongo. Nilisikia watu wote wanavuta pumzi kwa pamoja.

"Umenishika mkono," akasema.

"Nimekushika, mama."

"Mbele za watu."

"Mbele za watu."

Shemeji akapata alichokuwa anakitafuta. "Mmeona! Anakataa baraka ya mama! Gari lisilobarikiwa, lenye mkosi, mnampa mwanamke mwenye mkosi! Paka, mama, paka chuma cha mwanao!"

"Mwachie mkono," akasema yule mzee wa jicho la ukungu, na sauti yake haikuwa ya kuomba.

Sikumwachia. Ningemwachia, angepaka. Angepaka, ningekataa kuteremka, na ufunguo ungekwenda. Au ningeteremka, na wazazi wenu wangelelewa na nani?

"Mama," nikasema, "unapotwanga, unaushika mchi kwa mikono. Ukipaka mikono samli, utatwanga?"

Akatazama vidole vyake vyenye samli.

"Hiki chuma kinashikwa na pedi kama unavyoshika mchi. Siku ile ulikanyaga mwenyewe, ukasikia jiwe. Ukipaka hapa, jiwe litabaki jiwe, lakini halitashika kitu. Gari la mwanao litapita daraja na kuingia mtoni, na watu watasema tena ni yeye aliyeacha gari bovu."

"Panapofanya kazi ndipo hupakwa," akasema. Macho yake yalikuwa makavu na ya hasira, yananitazama mimi, si diski. "Mimi sipaki mpini."

"Basi panapofanya kazi ni hapa." Nikavua kandambili, nikanyoosha mguu wangu wa kulia. "Huu ndio unaokanyaga. Huu ndio ulikuwa unamkanyagia mwanao miaka yote. Paka huu."

Akautazama mguu wangu kama anavyotazama ugali wangu.

"Ulete."

Nikauinua, nikamshika bega nisianguke. Akaupaka kisigino, akaupaka unyayo, akaupaka vidole kimoja kimoja, na kwenye kidole gumba akanifinya kwa kucha mpaka machozi yakanitoka. Huo ulikuwa ujira wa kumshika mkono. Sikupiga kelele. Alipomaliza, kwenye kifundo chake kulikuwa na alama za vidole vyangu vyeusi vya grisi, na hakuzifuta.

Nikarudisha gurudumu, nikakaza nati kwa kupishana. Nikazunguka upande wa dereva ambako hapakuwa na watu, nikausugua mguu wangu kwenye vumbi kwa nguvu zote, mbele nyuma, mbele nyuma, maana mguu wenye samli unateleza kwenye pedeli. Mungu aliiona ile baraka. Ilitosha kwamba aliiona.

"Panda!" yule mzee akamwambia shemeji. Akapanda, akajishikilia kamba za magunia.

Nikakanyaga pedeli mara kadhaa kabla ya kuondoka, kama marehemu alivyokuwa akifanya, mpaka nikasikia jiwe. Nikaliachia gari. Mteremko ule hauna huruma, unaanza kwa upole kisha unakusukuma mgongoni. Magunia yalikuwa mazito, gari likaanza kukimbia, upepo ukaingia, na nyuma yangu nasikia, "Shika breki, shemeji! Shika, we mwanamke! Shemeji, naomba!" Sikushika. Nilitaka aombe vizuri. Daraja likaanza kuonekana, mbao zake, na maji ya kahawia chini. Nilipofika kwenye ule mti uliolala, pale pale alipopotelea yeye, nikakanyaga.

Halikuyumba. Halikuvuta kushoto wala kulia. Pedeli haikunipiga mguu. Pua ya gari ikainama kama ng'ombe anayekunywa maji, vumbi likatupita mbele, na gari likasimama. Shemeji yangu hakusimama. Alikuja na gunia lake mpaka akapiga paji la uso kwenye mgongo wa kebini, nikasikia kishindo, na ilikuwa sauti tamu kuliko kinanda cha Pasaka.

Alishuka na uvimbe kama yai. Akashika njia ya porini badala ya kupanda tena kwa watu.

Juu hakuna aliyepiga makofi. Yule mzee aliteremka kwa fimbo yake mpaka kwenye gari, akagusa gurudumu, akaondoa mkono haraka kwa joto, akasema, "La mjane." Basi. Watu wakaanza kutawanyika wakilalamikia jua. Mama mkwe alibaki amesimama njiani na kibuyu chake, akawa anamwambia kila anayepita, hata watoto, hata mwenye gongo, "Mwanangu hakuacha gari bovu." Nilipopanda na gari na kusimama karibu naye ili apande, aliutazama ule mlango, akanitazama mimi. "Nitatembea," akasema. Akatembea. Nilimfuata nyuma polepole mpaka nyumbani, nikishika breki kila hatua, na hakugeuka hata mara moja.

Hatukuwahi kupatana, msitegemee hivyo. Lakini kila mafuta ya breki yalipokuwa meusi, nilikuwa nikiinua gari uani, nikaweka magogo, nikaingia chini bila kumwita mtu, na baada ya muda nilisikia fimbo inaegemezwa kwenye bodi na mlango unafunguliwa.

Zile diski mbili zilizoungua, moja nilimpa mwenye gongo awekee sufuria. Ile iliyopasuka niliitundika kwenye mwamba wa mlango wangu, upande wa barabarani. Haikuwa na sauti nzuri, ililia kama debe bovu. Shemeji yangu alikuwa na njia moja tu ya kwenda shambani kwake, na ilipita hapo. Kila alipopita nilikuwa naigonga mara moja kwa nyuma ya spana ya marehemu, kisha naendelea na kazi zangu. Aliendelea kupita mpaka alipozeeka, na mimi sikuwahi kuchoka kugonga.